Mmarekani Tunayemjua Songea

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Siku chache baadaye miradi ikatakiwa kuacha kazi, na ilipofika Julai mosi Shirika la Misaada la Marekani, USAID, likafungwa rasmi na mabaki ya shughuli zake yakahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Mkoani Ruvuma huduma kwa watu wanaoishi na VVU zilikuwa zimeegemea sana fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, kwa hiyo swali la kwanza lilikuwa la dawa: zipo, au zitakatika? Nyuma yake likaja swali lingine, na hilo ndilo tunalolichambua hapa. Mmarekani ni mtu wa namna gani hasa?

Majibu yanapingana hata ndani ya nyumba moja. Mmoja atasema Mmarekani ameonyesha sura yake, hatoi kitu bila hesabu zake. Mwingine atamkumbuka mwalimu wa kujitolea aliyefundisha hisabati kijijini kwao miaka miwili, akila ugali na dagaa kama wenzake, naye ataikataa kabisa kauli hiyo. Wa tatu atasema haya ni ya Trump tu, Wamarekani wenyewe ni watu wema. Wa nne atauliza: huyo Trump alichaguliwa na nani? Kila mmoja ana ushahidi wake, na ushahidi wa kila mmoja ni wa kweli. Kinachowachanganya ni kwamba wanatumia jina moja kwa vitu vitatu: nchi, serikali yake, na mtu.

Picha ilivyojengeka

Songea huyajua mataifa ya mbali kwanza kwa vitu yalivyoacha ardhini. Mwingereza wa miaka ya karibuni anakumbukwa kwa barabara ya lami ya Makambako hadi Songea, iliyojengwa kwa msaada wa nchi yake miaka ya 1980. Mjerumani ana kumbukumbu mbili zilizo mbali kama mbingu na ardhi. Upande mmoja kuna watawa Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898, wakajenga abasia, shule, karakana na hospitali ambayo hadi leo inapokea wagonjwa kutoka wilaya za jirani. Upande wa pili kuna vita vya Majimaji, na mashujaa wa Kingoni walionyongwa mwezi Februari 1906. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake, aliuawa katika wimbi hilohilo. Tutarudi kwa Mjerumani huyu, kwa sababu ana somo.

Mmarekani alitangulia kuja kama kitambaa. Katika karne ya 19 pamba nyeupe iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts ilikuwa bidhaa kubwa Zanzibar. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulisainiwa mwaka 1833, ubalozi mdogo ukafunguliwa mwaka 1837, na kitambaa hicho, kilichoitwa marikani, kikaingia bara na misafara, ikiwemo iliyotoka Kilwa kuelekea Ziwa Nyasa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, viliukausha mkondo huo na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi. Watu wa bara walivaa nguo ya Marekani miaka mingi kabla hawajamwona Mmarekani, na mpangilio huo wa kitu kwanza, mtu baadaye, haujabadilika sana.

Mtu mwenyewe alianza kuonekana kwa wingi mwaka 1961, Tanganyika ilipokuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa duniani kupokea vijana wa Peace Corps: wapima ardhi, wahandisi na wajiolojia. Walisitishwa mwaka 1969, wakati wa vita vya Vietnam na wa siasa yetu ya Kujitegemea, wakarudi mwaka 1979. Wengi waliokuja baadaye walipangwa shule za sekondari kufundisha hisabati na sayansi, au vijijini kwenye afya na kilimo, na Ruvuma ni mmoja wa mikoa iliyowapokea.

Lakini kwa kila aliyefundishwa na Mmarekani, wapo mamia waliomjua kupitia kideo. Miaka ya 1990 na 2000 mabanda ya video yaliingia kila mji na kila mnada, na watafsiri kama Lufufu wakawapa akina Rambo na Komando sauti ya Kiswahili. Jina la Rambo likaingia mpaka kwenye mifuko ya plastiki ya sokoni, ile iliyopigwa marufuku mwaka 2019. Mmarekani wa kwenye banda alikuwa mmoja, mwenye misuli, aliyemaliza jeshi zima peke yake na hakuomba ruhusa ya mtu. Baada ya filamu, redioni, tangazo la chandarua au la kupima VVU lilimalizikia na maneno ambayo Watanzania waliyakariri kama sala: kwa hisani ya watu wa Marekani.

Kisha kuna soko. Mfanyabiashara wa mitumba akikata mikanda ya belo, zinamwagika fulana za timu za mpira wa kikapu, za mbio za hisani, za mahafali ya shule ya sekondari ya mji ambao hakuna anayepita pale atakayewahi kuufikia. Fulana haijachakaa. Imevaliwa mara chache, au haikuvaliwa kabisa. Mnunuzi hahitaji somo lolote la uchumi kufikia hitimisho lake: huko walikotupa hii, watu wana vitu kupita kiasi. Ni hitimisho la haki kwa mtu aliyeshika ushahidi mkononi. Tatizo ni kwamba ushahidi huo umeshachambuliwa na wafungashaji kabla haujafika, na nguo za Mmarekani maskini hazimo ndani ya belo.

Hoja ya kwanza: pana ukweli ndani ya picha

Wanaoishikilia hoja hii husema kwamba jina halitoki hewani. Ikiwa watu wa nchi nyingi zisizojuana wanasema Wamarekani wana pesa, wanajiamini, wanasema wazi wazi na wanapenda silaha, basi kuna kitu wamekiona. Takwimu zinawaunga mkono kwa kiasi. Marekani ina bunduki za raia nyingi kuliko idadi ya raia wenyewe. Kuhusu madai kwamba hawajui dunia, utafiti wa National Geographic na Roper wa mwaka 2006 ulikuta kuwa asilimia 63 ya vijana wa huko wenye umri wa miaka 18 hadi 24 hawakuweza kuionyesha Iraq kwenye ramani, wakati jeshi lao lilikuwa vitani huko kwa mwaka wa tatu.

Wasomi nao wapo upande huu. Mwanasaikolojia Lee Jussim amejenga hoja kwa miaka mingi kwamba dhana za watu kuhusu makundi mengi, mathalani elimu au kipato chao, hukaribia ukweli kuliko tulivyozoea kukiri. Kumlaani kila anayesema "watu fulani wako hivi" ni kumdharau mtu aliyetumia macho yake.

Pale Songea, wapokeaji wa wageni wanaweza kuongeza ya kwao. Mmarekani huuliza swali mbele ya mkuu wa shule bila kuzunguka. Humwita mtu mzima kwa jina lake la kwanza mpaka afundishwe shikamoo. Ikifika jioni hufunga mlango wake akasoma kitabu, na watoto wa jirani waliozoea kuingia kila nyumba hukuta komeo. Jirani husema ana maringo. Yeye, kwa malezi yake, anapumzika, na kesho yake asubuhi atacheka na kila mtu njiani kama vile hakuna kilichotokea. Mambo haya yanajirudia kwa wageni wengi kiasi kwamba ni vigumu kuyaita uzushi.

Hata hivyo, hoja hii inabeba mzigo mzito kuliko uwezo wake. Bunduki ni nyingi kuliko watu, lakini ni kama theluthi moja tu ya watu wazima wa Marekani wanaosema wanamiliki. Nchi ni tajiri, lakini kwa hesabu za serikali yao ya mwaka 2023 zaidi ya watu milioni 36 walikuwa chini ya mstari wa umaskini, na karibu nusu ya wananchi hawana pasi ya kusafiria. Ukweli kuhusu nchi hautoshi kumhukumu mtu mmoja aliyeteremka kwenye basi la kutoka Njombe.

Kuna pigo kubwa zaidi. Mwaka 2005 timu ya watafiti wakiongozwa na Antonio Terracciano, pamoja na Robert McCrae, walichapisha katika jarida la Science matokeo kutoka jamii 49. Waliwauliza watu mwananchi wa kawaida wa taifa lao ana tabia gani, kisha wakalinganisha na vipimo vya tabia za watu halisi wa taifa hilo. Havikulingana. Kumbuka kwamba waliohojiwa walikuwa wakijieleza wao wenyewe, si wageni wa mbali. Jussim mwenyewe, mtetezi wa usahihi, anakubali kwamba tabia ya taifa ndipo dhana za watu zinapokosea zaidi.

Nalo jambo hili si la juzi. Mwaka 1933 Daniel Katz na Kenneth Braly waliwaomba wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton kuchagua sifa za mataifa mbalimbali, likiwemo la kwao. Wamarekani wakajipa bidii, akili na kupenda mali. Kwa maneno mengine, sehemu ya picha tunayoibishania Songea ilichorwa na wenyewe kwa ajili yao wenyewe, kisha ikasafirishwa kwa filamu.

Uamuzi wangu kuhusu hoja hii ni kuigawa. Inasimama pale inapozungumzia desturi zinazoonekana: salamu, mlango, swali la moja kwa moja. Inaanguka mara tu inaporukia moyoni na kusema huyu ni mchoyo, yule ni mkarimu, wale ni wababe.

Hoja ya pili: watu wakikutana, picha hufutika

Huu ndio msimamo wa viongozi wa dini, wa walimu, na wa kila mradi wa kubadilishana wageni. Baba yake wa kitaaluma ni Gordon Allport wa Harvard, aliyeandika mwaka 1954 kwamba chuki kati ya makundi hupungua wakikutana. Watu wengi huinukuu nusu hiyo tu. Nusu ya pili ndiyo muhimu: Allport aliweka masharti. Wanaokutana wawe na hadhi sawa pale wanapokutana, wawe na lengo moja, washirikiane kulifikia, na mamlaka yawaunge mkono.

Ukiyachukua masharti hayo ukayapeleka kwenye shule ya kata, unaona kwa nini mwalimu wa kujitolea alifanikiwa pale ambapo wengi hawakufanikiwa. Anafika baada ya wiki kadhaa za mafunzo, akiwa ameishi na familia ya Kitanzania na kujifunza Kiswahili cha kuombea maji na cha kukataa kwa heshima. Anapewa posho ya kuishi kijijini, si mshahara wa mtaalamu. Yuko chini ya mkuu wa shule. Akichelewa zamu anaandikwa kama mwingine. Lengo lake na la mwenzake wa chumba cha walimu ni lile lile, kidato cha nne wafaulu. Baada ya miaka miwili kijiji hakisemi tena "yule Mmarekani". Kinamwita kwa jina, na jina hilo limebeba sifa zake na kasoro zake kama la mtu yeyote. Kwa wanafunzi waliopita mikononi mwake, Rambo alikufa darasani.

Ruvuma ina mfano mwingine usiosemwa sana. Abasia ya Hanga, iliyoanzishwa mwaka 1957 kwa ajili ya watawa Waafrika, imewahi kupokea vijana wa kujitolea kutoka abasia ya St. John's ya Collegeville, Minnesota. Hapo mwenyeji ndiye anayepanga siku: kengele ya sala, kazi, chakula, ukimya. Kijana wa Kimarekani anaingia kwenye nidhamu iliyomkuta, na anayemwelekeza ni mtawa Mtanzania. Ni nadra Afrika kukuta mgeni wa kutoka nchi tajiri aliyewekwa kwenye ngazi ya mwanafunzi namna hiyo, na inastahili kusifiwa wazi.

Udhaifu wa hoja hii ni wa aina tatu, na haulingani uzito.

Mdogo kwanza: anayekuja hamwakilishi aliyebaki. Mtu aliyekubali kuishi miaka miwili Namtumbo au Mbinga bila uhakika wa umeme amejichuja mwenyewe kutoka watu zaidi ya milioni 330. Tukimpenda, tumempenda yeye.

Mkubwa zaidi ni ule wa ziara fupi. Nyanda za Juu Kusini zina ushirikiano wa muda mrefu wa makanisa, kwa mfano ule wa Bega kwa Bega kati ya Dayosisi ya Iringa ya KKKT na sinodi ya St. Paul, Minnesota, ulioanza miaka ya 1980. Urafiki wa miaka arobaini ni jambo kubwa, na shule na zahanati zilizotokana nao zinaonekana. Lakini ndani ya ushirikiano wowote wa aina hii kuna ziara za wiki mbili, na ziara ya wiki mbili ina umbo lake: magari yanafika, kwaya inaimba, mbuzi anachinjwa, zawadi zinatolewa, picha zinapigwa, magari yanaondoka. Hakuna aliyefanya ubaya. Ila kila upande umeiona picha ileile uliyokuwa nayo. Wenyeji wamemwona Mmarekani mwenye mkono uliojaa, na wageni wamemwona Mwafrika mwenye shukrani. Wamekutana, na dhana zimetoka pale zikiwa imara kuliko zilipoingia.

Wa tatu ndio mgumu kuutibu. Hata baada ya urafiki wa kweli, watu hulinda picha yao kwa kumtoa rafiki nje ya kundi: yule hakuwa kama Wamarekani wengine. Kauli hiyo husemwa kwa upendo, na ndani yake taifa zima linabaki lilivyokuwa.

Hoja ya tatu: tunachokutana nacho ni dola

Msimamo huu husema mjadala wote wa tabia unakosea njia. Mwananchi wa Songea hakutani na Mmarekani, anakutana na maamuzi ya Washington. Kwa mizani yangu hoja hii ina nguvu kuliko mbili zilizotangulia, na barabara ndiyo shahidi wake wa kwanza.

Tarehe 17 Februari 2008, Rais Bush akiwa Dar es Salaam, yeye na Rais Kikwete walisaini mkataba wa taasisi ya Marekani ya Millennium Challenge wenye thamani ya dola milioni 698. Miongoni mwa barabara zilizogharamiwa ni mbili za hapa: Songea hadi Namtumbo, na Peramiho hadi Mbinga, kilomita 78. Aliyewahi kusafiri kwenda Mbinga masika kabla ya lami anajua kilichobadilika. Kahawa inateremka milimani bila kulala njiani, na mjamzito anafikishwa Peramiho akiwa hai. Huu ni wema wa Marekani unaoweza kukanyagwa kwa mguu. Lakini zabuni ilikuwa ya kimataifa, na waliotandaza lami hawakuwa Wamarekani. Mtu akasema "barabara ya Wamarekani" bila kumwona hata mmoja akiijenga.

Miaka michache baadaye mkono uleule ukajikunja. Machi 2016, baada ya uchaguzi wa marudio wa Zanzibar na malalamiko kuhusu Sheria ya Makosa ya Mtandao, bodi ya taasisi hiyohiyo ilisimamisha maandalizi ya mkataba wa pili, wa umeme, wenye thamani ya dola milioni 472. Miaka miwili kabla ya hapo, Aprili 2014, mamlaka ya wanyamapori ya Marekani ilikuwa imezuia wawindaji wake kurudi na nyara za tembo kutoka Tanzania, kwa sababu ya ujangili. Uamuzi ule ulikuwa na sababu, kwani tembo wa Selous walikuwa wakiteketea. Hata hivyo, jumuiya za hifadhi za vijiji kama Mbarang'andu, Namtumbo, zinategemea kwa sehemu kubwa mapato ya uwindaji wa kitalii, na Wamarekani ndio wateja wakubwa wa uwindaji huo nchini. Kijiji kilichokuwa kikilinda tembo na kijiji kilichokuwa kikificha jangili vilipata jibu moja.

Mlolongo unaendelea. Nchi za Afrika Mashariki zilipoazimia mwaka 2016 kuacha mitumba taratibu, zilikumbushwa kuwa zinaweza kupoteza nafasi ya AGOA, mpango wa Marekani wa kuruhusu bidhaa za Afrika kuingia bila ushuru. Tanzania ililegeza msimamo, Rwanda ikashikilia na mwaka 2018 ikapoteza fursa ya kuuza nguo bila ushuru. Mwombaji wa viza anayesafiri kutoka Songea hadi Dar es Salaam amekuwa akihojiwa dakika chache chini ya sheria inayomchukulia kuwa anataka kuhamia huko mpaka athibitishe vinginevyo, na mwaka 2025 Tanzania iliingizwa kwenye orodha ya nchi ambazo mwombaji anaweza kudaiwa dhamana ya hadi dola 15,000. Mwaka huohuo ulikuwa umeanza na Januari ile ya amri ya Trump, na kwenye CTC, kliniki za matunzo na tiba ya VVU, watoa huduma waliolipwa na miradi wakapata barua za kuacha kazi huku foleni ya wagonjwa ikiwa palepale. Mtu anayeishi na VVU aliyezoea kuitwa kwa jina na mhudumu, akakumbushwa tarehe yake kwa simu, sasa simu haikuita. Kwake yeye, tabia ya Mmarekani ni hiyo.

Hoja hii inaeleza kitu ambacho nyingine mbili zinashindwa: kwa nini sifa za Mmarekani hubadilika haraka hivyo. Moyo wa watu zaidi ya milioni 300 haubadiliki kati ya 2008 na 2016, bodi hubadilika.

Udhaifu wake upo pia. Serikali ile huchaguliwa, na fedha zile zilikuwa kodi za watu. Ukisema wema wote ni wa serikali na ubaya wote ni wa serikali, unamfuta mpigakura na mlipakodi ambao ndio watu wenyewe. Zaidi ya hapo, ni Marekani iliyotuzoesha kuchanganya. Ilipotoa, ilitaka tuwashukuru watu wake. Ilipositisha, ikatuambia ni sera. Haiwezekani kuvuna shukrani kwa jina la watu, kisha lawama ikaelekezwa kwa mlango mwingine.

Mmarekani anayesahaulika

Katika hoja zote tatu kuna dhana iliyopita kimyakimya, kwamba Mmarekani ni mzungu. Tanzania ilipaswa kuwa ya mwisho kukosea hapo. Malcolm X, mpigania haki za Wamarekani weusi, alikuwa Dar es Salaam Oktoba 1964. Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika, uliowaleta pia Wamarekani weusi wengi, ulifanyika jiji hilohilo Juni 1974. Bob Moses, aliyekuwa mstari wa mbele kudai haki ya kupiga kura Mississippi, alifundisha hisabati Same kwa miaka kadhaa hadi 1976, kisha akarudi kwao kuanzisha mpango wa kufundisha aljebra kwa watoto wa maskini. Pete O'Neal wa chama cha Black Panther amekuwa akiishi Imbaseni, Arusha, tangu miaka ya 1970.

Watu hawa waliikimbia au kuipinga Marekani ileile ya kwenye picha yetu. Kijana Mmarekani mweusi anayepangwa kijijini leo hukutana na jambo chungu: huambiwa si Mmarekani kamili, au huulizwa kabila lake, na mwenzake mzungu husalimiwa kwanza. Hapa picha inamnyima mtu nchi yake. Nalitaja kwa urefu kwa sababu ni eneo ambalo kosa ni letu, na tunaweza kulirekebisha bila kusubiri uchaguzi wa mtu yeyote.

Uzito uko wapi

Mjerumani sasa arudi. Kila tarehe 27 Februari Songea huwakumbuka mashujaa wa Majimaji, na siku hiyohiyo wagonjwa wamelala Peramiho katika hospitali iliyojengwa na Wajerumani. Mji huu haujawahi kudai kuwa moja ya mambo hayo linafuta jingine. Hausemi Wajerumani ni wakatili kwa sababu ya kitanzi, wala hausemi kitanzi hakikuwepo kwa sababu ya hospitali. Umetenganisha dola ya kikoloni na mtawa, kisha hata kati ya watawa ukatofautisha aliyekuwa mkali na aliyekuwa mpole. Uwezo wa kumsoma Mmarekani vizuri upo tayari. Umechelewa kutumika kwake kwa sababu Mjerumani aliishi hapa kizazi baada ya kizazi, akajifunza lugha, akazikwa hapa. Mmarekani ametujia zaidi kama fedha, filamu na barua.

Kwa hiyo napima hivi. Tukitaka kueleza kwa nini dawa zilitikisika au kwa nini mkataba wa umeme ulikufa, hoja ya tatu inatosha, na kuingiza tabia za watu ni kupoteza muda. Tukitaka kuishi na mgeni aliyepangwa shuleni kwetu, hoja ya kwanza inasaidia kidogo, katika mambo ya salamu na milango. Hoja ya pili ndiyo inayoweza kufuta picha, ila kwa masharti ya Allport, na masharti hayo wenyeji wana sauti kubwa juu yake kuliko wanavyodhani. Parokia inaweza kukataa ziara ya siku kumi na kuomba mtu mmoja akae mwaka. Shule inaweza kudai mgeni asikabidhiwe darasa kabla hajakijua Kiswahili. Halmashauri inaweza kuamua kuwa tathmini ya mradi iandikwe na waliopokea pia, si waliotuma peke yao.

Sharti la hadhi sawa ndilo litakalosumbua daima, kwa kuwa mmoja kati ya wawili ana njia ya kuondoka. Machi 2020, korona ilipoanza kusambaa, Peace Corps iliwaondoa watu wake wote duniani, zaidi ya 7,000, Tanzania wakiwemo. Walimu walifungasha wakaondoka muhula ukiwa katikati. Uamuzi ule ulilinda maisha na siulaumu. Lakini pale ambapo mgeni alikuwa ndiye mwalimu pekee wa fizikia, vipindi vilibaki wazi. Dawa ya hilo ni ya kiutawala na iko mikononi mwetu: mgeni wa kujitolea asihesabiwe kuziba pengo la ikama. Nafasi ya fizikia iombewe mwalimu Mtanzania mwenye ajira, na Mmarekani akija apangwe naye somo hilohilo, wagawane vidato, kila mmoja asahihishe mitihani ya mwenzake, na wakae zamu kwa zamu. Hapo wanafunzi watawaona wawili kwenye ratiba moja, na watajua yupi anafundisha vizuri zaidi.